Mwanga Ndani ya Yai: Kifaranga Huanza Kujifunza Kabla ya Kuanguliwa

Wako wafugaji wengi wanaoamini kwamba yai linaloatamiwa halina haja ya kitu chochote isipokuwa joto. Imani hiyo si ya kushangaza. Mtetea hukaa juu ya mayai yake kwa muda wa siku 21, akiyafunika kwa mbawa na manyoya ya kifua, na mtu akitia mkono chini yake hukuta joto na giza tu. Hata mafundi waliobuni mashine za kutotoleshea vifaranga waliyafuata mawazo hayo hayo. Waliitengeneza mashine iwe sanduku lililofungwa pande zote, lenye joto, unyevu na hewa ya kutosha, lakini lisilokuwa na mwanga. Hadi leo vifaranga wengi wa viwandani huanguliwa gizani.

Hata hivyo, uchunguzi wa wataalamu kwa muda wa miaka 60 na zaidi umeonyesha kwamba mwanga nao unayo kazi yake ndani ya yai. Kuna mwanga unaoharakisha kukua kwa kiinitete, kuna unaompunguzia kifaranga woga, na kuna unaoupanga ubongo wake hata akaweza kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Siku hizi inasemwa pia kwamba rangi ya mwanga huo, ikiwa ni kijani, nyekundu au nyeupe, huleta matokeo tofauti. Habari hizi zina maana kwa kila nyumba inayofuga kuku, iwe kota ya polisi, iwe nyumba ya askari, au iwe kibanda cha mkimbizi. Na mahali panapofaa kuzipimia ni Dzaleka, nchini Malawi, ambako yai huhesabiwa kabla halijavunjwa.

Yai la Dzaleka

Makazi ya Dzaleka yako katika wilaya ya Dowa, kiasi cha kilomita 45 kaskazini ya Lilongwe, mji mkuu wa Malawi. Zamani, wakati wa utawala wa Rais Kamuzu Banda, mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa siasa. Mwaka 1994 pakafunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi. Palikusudiwa watu elfu kumi hivi, lakini sasa wanaishi humo zaidi ya 50,000, na wengi wao wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha watu hao sokoni na kisimani. Askari wa Tanzania na wa Malawi waliotumikia bega kwa bega katika brigedi ya Umoja wa Mataifa, iliyoundwa mwaka 2013 kwa ajili ya mashariki ya Kongo, wanaifahamu vyema nchi ambayo wengi wa wakazi wa Dzaleka waliikimbia.

Utaratibu wa Malawi huwataka wakimbizi wakae kambini, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru wale waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi Dzaleka. Mgao wa chakula na fedha unaotolewa na mashirika ya misaada nao umepunguzwa mara kadhaa katika miaka ya karibuni. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mtu aliyefungwa kamba ya namna hiyo hutafuta kazi inayoweza kufanyika katika ua wake mwenyewe, na kuku ni mojawapo ya mali chache zinazoweza kukua ndani ya ua mdogo.

Ichukuliwe kwamba mama wa nyumba anayo mayai 20. Njia tatu ziko mbele yake: kuyauza, kuwapikia watoto, au kuyaatamisha. Akiichagua njia ya tatu, amekiweka rehani chakula cha leo kwa ajili ya miezi mitano au sita ijayo. Yakianguliwa mayai 14, hapana shaka atafurahi. Lakini furaha hiyo itakuwa fupi ikiwa vifaranga wanane watachukuliwa na mwewe katika majuma mawili ya kwanza. Hapo ndipo habari ya mwanga inapoacha kuwa mazungumzo ya maabara na kuwa habari ya jikoni.

Jicho moja hutazama nje

Ili kuielewa kazi ya mwanga, yafaa kwanza kufahamu jinsi kifaranga anavyolala ndani ya yai siku zake za mwisho. Ifikapo siku ya 17 au 18 huwa amekwisha kujaza karibu nafasi yote. Huinamisha kichwa na kukigeuza upande, mdomo ukielekea kwenye chumba cha hewa kilicho katika upande mpana wa yai. Katika mlalo huo jicho la kushoto hubanwa na mwili wake mwenyewe, na jicho la kulia hubaki likielekea ganda. Ganda la yai si ukuta mzito. Mwanga hulipenya, kama anavyojua kila aliyewahi kupima yai kwa tochi. Kwa hiyo mwanga ukiliangukia yai katika siku hizo, hulifikia jicho la kulia, lakini la kushoto hubaki gizani.

Mtaalamu wa Australia, Lesley Rogers, alieleza mwaka 1982 matokeo ya jambo hilo. Vifaranga waliopata mwanga siku chache kabla ya kuanguliwa walikuwa na ubongo uliogawana kazi kwa namna ya pekee. Jicho la kulia, linalotumikiwa zaidi na upande wa kushoto wa ubongo, lilikuwa hodari wa kutofautisha punje za nafaka na vijiwe. Jicho la kushoto, linalotumikiwa zaidi na upande wa kulia wa ubongo, lilikuwa jepesi kutambua hatari. Mwanga wa saa mbili au tatu tu, ukipatikana wakati unaofaa, ulitosha kuleta tofauti hiyo. Kwa vifaranga waliototolewa katika giza tupu mgawanyo huo wa kazi haukuwa imara.

Mwaka 2004 Rogers, pamoja na Paolo Zucca na Giorgio Vallortigara wa Italia, waliwajaribu vifaranga kwa mtihani ambao mfugaji yeyote ataufahamu mara moja. Walitawanya punje za chakula miongoni mwa vijiwe, kisha wakapitisha juu yao kivuli chenye umbo la ndege mla nyama. Vifaranga waliopata mwanga ndani ya yai waliendelea kuchagua punje na kuviacha vijiwe, na papo hapo wakakigundua kivuli kilichopita juu. Wale wa gizani walitatizika. Walividonoa vijiwe, walichelewa kukiona kivuli, na kadiri mtihani ulivyoendelea ndivyo walivyozidi kukosea.

Ni kweli kwamba huo ulikuwa mtihani wa chumbani, na kivuli cha kuchora si mwewe mwenye makucha. Lakini maisha ya kifaranga wa kienyeji ni mtihani uo huo tangu asubuhi hadi jioni. Kuku wa kiwandani hula kwenye chombo, chini ya paa, wala hahitaji kuinua macho. Kuku wa Dzaleka, kama kuku wa uani kwa askari au kwa mkulima, hujitafutia punje mavumbini huku anga lote likiwa wazi juu yake. Kifaranga asiyeweza kula na kulinda kwa wakati mmoja, ama atashinda na njaa, ama ataliwa.

Mtetea alijua zamani

Hapa mfugaji mwenye mtetea hodari asidhani kwamba amepitwa na elimu mpya. Mtetea anayeatamia hushuka kiotani, aghalabu mara moja au mbili kwa siku, ili ale, anywe na kujinyoosha. Katika dakika hizo mayai hubaki wazi na kupata mwanga wa mchana. Hata akiwa juu yake, huinuka, huyageuza kwa mdomo na kubadili mkao, na kila mara miale michache hupenya. Giza tupu la siku 21 halimo katika desturi ya kuku. Limeletwa na mashine.

Kosa linaweza kutokea pale mfugaji anapokificha kiota mno. Kwa kuogopa wezi na panya, wengine humweka mtetea ndani ya debe au boksi lililofunikwa, katika chumba kisicho na dirisha, na kumletea chakula mdomoni. Ulinzi ni jambo jema, na katika makazi yenye msongamano kama Dzaleka hauepukiki. Lakini kiota kinaweza kulindwa bila kufungiwa gizani. Kikiwekwa penye utulivu na nusu kivuli, mahali ambapo mtu huweza kuyaona mayai mchana bila kuwasha taa, mwanga huo unatosha.

Kijani, nyekundu au nyeupe?

Ama kuhusu rangi, ni vema mfugaji ajue kilichothibitika na kisichothibitika, maana penye jambo jipya hapakosi wachuuzi.

Kuku huona rangi vizuri kuliko binadamu. Jicho la mtu lina aina tatu za chembe za kupambanua rangi, la kuku lina aina nne, na huona hata miale ya urujuanimno ambayo mtu haioni kabisa. Kwa hiyo haishangazi kwamba rangi ya mwanga humgusa. Mapema mwaka 1964 wataalamu Lauber na Shutze wa Marekani walieleza kwamba viinitete vilivyowekwa penye mwanga vilikua upesi kuliko vya gizani. Kuanzia mwaka 2003 Israel Rozenboim na wenzake, nchini Israeli, walitangaza kwamba mayai ya bata mzinga na ya kuku wa nyama yaliyomulikwa kwa mwanga wa kijani yalitoa ndege wenye uzito mkubwa zaidi na nyama nyingi zaidi kifuani. Hata hivyo, majaribio mengine yaliyofuata hayakupata faida hiyo ya uzito kila mara.

Huko Texas, Marekani, Gregory Archer na wenzake waliyamulika mayai kwa saa 12 kila siku. Mwaka 2015 walieleza kwamba mwanga mweupe wa taa za LED uliongeza idadi ya vifaranga wasio na kasoro, hasa kasoro ya kitovu kisichofunga. Majaribio ya Archer yalionyesha pia kwamba vifaranga wa mwangani walikuwa na woga mdogo kuliko wa gizani. Mwaka 2017 wakapata matokeo mema kwa mwanga mweupe uliochanganywa na mwekundu, kwa mayai ya kuku na hata ya bata.

Lazima ikumbukwe vilevile kwamba ganda lenyewe huchuja rangi. Mwanga mwekundu hulipenya ganda kwa urahisi kuliko wa buluu, na ganda la kahawia huzuia mwanga mwingi kuliko ganda jeupe. Nchini Malawi kuku weusi wa asili ya Australia, ambao wananchi huwaita kwa jina la kituo cha serikali cha Mikolongwe kilichowasambaza vijijini tangu miaka ya 1950, hutaga mayai yenye rangi ya kahawia hafifu. Taa iliyoleta faida kwa mayai meupe ya kiwanda cha ng'ambo si lazima ilete faida ile ile kwa mayai hayo.

Basi kwa muhtasari: kuwapo kwa mwanga, hasa siku tatu au nne za mwisho, ni jambo lenye ushahidi mzito. Ubora wa rangi moja juu ya nyingine bado una matokeo yanayopishana, tena unategemea aina ya kuku na ganda. Akitokea mchuuzi mwenye taa ya kijani na kuahidi kwamba kila yai litatoa kuku mnene, mwenye nyumba na amwulize kwanza kama anauza kipimajoto.

Umeme wa Lilongwe na hatari ya joto

Swali hilo la kipimajoto si la mzaha. Joto linalofaa ndani ya mashine yenye feni ni nyuzi 37.5 hadi 37.8. Katika sanduku lisilo na feni, joto likipimwa usawa wa juu ya mayai, hutakiwa kuwa kama nyuzi 38.5. Nyuzi mbili tu zikizidi kwa saa kadhaa, viinitete huanza kufa. Hakuna rangi ya taa iwezayo kulifufua yai lililopikwa.

Walioko Lilongwe, ambako nyumba nyingi zina umeme, huweza kuitumia mashine. Lakini nao wanakumbuka Januari 2022, kimbunga Ana kilipoharibu kituo cha umeme cha Kapichira katika mto Shire, na nchi ikapoteza takriban thuluthi moja ya umeme wake kwa muda mrefu. Umeme ukikatika usiku kucha katika juma la tatu, mayai yote huweza kuwa viza. Huko Dzaleka wengi hawana umeme wa gridi kabisa. Kwa sababu hiyo, kwa nyumba ya kawaida, mtetea bado ni mashine iliyo bora. Hahitaji waya, hapotezi joto, na akimaliza kuangua huendelea kulea na kulinda.

Jambo jingine lafaa kutajwa. Masanduku mengi ya kienyeji hupata joto kwa globu za umeme za kawaida. Mayai yaliyomo humo yamekwisha kupata mwanga, wala mwenye sanduku hana haja ya kununua taa nyingine. Asithubutu kuipaka globu rangi au kuizungushia nailoni ya kijani ili kuiga wataalamu. Globu ya joto iliyofunikwa huweza kuwasha moto, na katika nyumba zilizosongamana moto wa chumba kimoja ni msiba wa mtaa mzima.

La kufanya nyumbani

Mwenye mtetea na akiweke kiota mahali penye utulivu, pasipo jua kali wala mvua, lakini pasiwe giza tupu. Mtetea aachwe ashuke mwenyewe kula na kunywa, na maji yawe karibu.

Mwenye sanduku la kutotoleshea lenye giza, kama yale yapatayo joto kwa chemli iliyowekwa nje, anaweza kulitoboa tundu ubavuni na kulifunga kwa kioo, kisha akaliwekea pazia. Mayai na yageuzwe angalau mara tatu kwa siku hadi siku ya 18, halafu yaachwe. Kuanzia siku hiyo pazia lifunguliwe asubuhi na kufungwa jioni, ili mayai yapate mchana na usiku kama viumbe wengine. Miale ya jua isipige kioo moja kwa moja, maana itapandisha joto ghafula. Unyevu nao uongezwe katika siku hizo kwa kuweka sahani pana ya maji. Penye nguvu za jua, taa moja ndogo nyeupe ya LED, isiyotoa joto jingi, yatosha.

Kila siku ya saba na ya kumi na nne mayai yapimwe kwa tochi usiku. Yai lenye mishipa myekundu li hai. Lililo jeupe kabisa halikurutubishwa, na lenye duara la damu limekufa, basi liondolewe kabla halijapasuka.

Mwisho, mwanga usimsahaulishe mtu chanjo. Mwewe huchukua kifaranga mmoja mmoja, lakini kideri humaliza banda zima kwa juma moja. Chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo za zamani, hutiwa tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu au minne, na kila aliyeko karibu na ofisi ya mifugo, Malawi au Tanzania, na aiulizie.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa kuku, malezi hayo huanza wakati kifaranga angali amekunjwa ndani ya ganda, jicho moja limefumbwa na ubavu wake na jingine likingoja mwanga. Kumpatia mwanga huo si gharama: ni kulisogeza boksi karibu na dirisha, au kulifungua pazia asubuhi. Faida yake itaonekana siku mwewe atakapopita juu ya ua, na kifaranga mwenye punje mdomoni awe wa kwanza kukimbia.